Tiki Moja kwa Mama Mdogo

Mama yangu hajui kusoma wala kuandika, lakini ukimuuliza habari za kampuni yenye ile programu ya ujumbe tunayotumia sote kwenye simu, atakujibu kama mtu aliyewahi kugombana nao uso kwa uso. Wanabadilisha vitu bila kuaga, husema. Jana kitufe kilikuwa huku, leo kiko kule. Mtu akiingia jikoni kwako akahamisha vyungu wewe ukiwa umelala, utamwita mgeni huyo?

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara, na mama anaishi nami mtaa wa Rahaleo tangu baba alipofariki. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, akaolewa huku Msimbati angali msichana. Ndugu zake karibu wote wametangulia mbele ya haki. Aliyebaki ni mmoja tu, kitinda mimba wao, ambaye kwangu ni mama mdogo. Anaishi katika kijiji cha upande ule ule walikozaliwa, na anauza vitumbua.

Mama mdogo alikuja kwenye msiba wa baba, na siku ya kuondoka nikampa simu yangu ya zamani. Ilikuwa na ufa kwenye kona ya kioo, lakini betri yake ilikuwa bado inatunza chaji. Nikamsajilia laini ya huku, kwa sababu mtandao wetu unafika mpaka ng'ambo, nikamwekea ile programu, nikamfundisha jambo moja basi: bonyeza hapa, shikilia, ongea, achia. Yeye naye hakupata kusoma, kwa hiyo sikuona haja ya kumchosha na mengine.

Sijapata kuona kifaa kikiingia katika maisha ya watu wazima kwa upole kama ule. Kabla ya hapo, kumpigia mama mdogo kulikuwa jambo la Idi na la misiba. Sasa ikawa kila asubuhi, mama akishamaliza kuswali na kunywa chai, anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani na kumsimulia mdogo wake habari zote za mtaa wetu kwa Kimakonde chao cha kule, ambacho mimi nakisikia nusu nusu. Jibu linakuja jua likishapanda, vitumbua vikishaanza kuuzika. Nyuma ya sauti ya mama mdogo husikika mafuta yakichemka, na mama alikuwa akisema kwa sauti ile tu anajua kama leo moto umemshinda.

Kwa hilo niliishukuru kampuni ile, na bado naishukuru. Waliwapa wanawake wawili wasiojua kusoma njia ya kuandikiana barua kwa midomo yao. Hata serikali hazikuwahi kuwafanyia hivyo.

Tatizo langu nao ni kwamba hawajui kuacha. Ukizoea, wanaongeza. Waliweka kitufe cha kuharakisha sauti, mama akakigusa bila kujua. Akanipigia nikiwa shuleni, kipindi cha pili, na kwa kuwa hana kawaida ya kunipigia saa za kazi nikatoka nje ya darasa kupokea.

"Mama yako mdogo anaumwa," aliniambia.

"Amesema anaumwa?"

"Hajasema. Anaongea mbio mbio kama mtu aliyepandwa na homa kichwani. Hata pumzi havuti."

Nilirudi nyumbani mchana, nikakigusa kile kitufe, na mama mdogo akapona hapo hapo. Mama hakucheka. Aliniuliza ni nani aliyewaomba wafanye vile. Baadaye wakaleta kale kaduara ka rangi kwenye pembe ya kioo, ambako ukikagusa kanajidai kujua kila kitu. Mama hukagusa kwa bahati mbaya, kanamwandikia maneno, naye hunipa simu akisema, "Yule mtu wao amekuja tena."

Basi tuliishi hivyo, tukilalamika kidogo na kutumia sana, mpaka msimu mmoja wa korosho ulipokuwa unakaribia kwisha. Mama alituma ujumbe wake wa asubuhi kama kawaida, na jibu halikuja. Jioni nikatazama. Pembeni ya ujumbe kulikuwa na tiki moja ya kijivu, maana yake umetoka kwetu lakini haujafika kwake. Nikasema chaji imemwishia. Kesho yake nikasema mvua imeharibu mnara. Baada ya hapo nikakosa la kusema.

Msomaji wa mbali huenda asione uzito wa tiki moja. Lakini kule ng'ambo kumekuwa na miaka ya vurugu. Watu wamekimbia vijiji vyao, wengine wamerudi na wengine hawajarudi, na hapa Mtwara karibu kila mtaa una familia yenye ndugu ambaye habari zake zilikatika ghafla. Mtu wa huku akiambiwa ndugu yake wa kule hapatikani, mawazo yake hayaendi kwenye betri.

Nilijaribu kupiga simu ya kawaida kwa ile namba niliyomsajilia mwenyewe. Nikaambiwa haitumiki. Niliulizia kwenye duka la laini pale mjini, wakanieleza kwamba laini isiyowekwa salio kwa muda mrefu hufungwa. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimetokea miaka yote ile. Mama mdogo alikuwa ameshahamia laini za kwao zamani, kama wanavyofanya watu wote wa mpakani, na ile programu ikaendelea kufanya kazi kwa jina la namba iliyokufa. Hatukuwahi kujua namba yake mpya kwa sababu hatukuwahi kuihitaji.

Kila nikirudi kazini mama alikuwa ananiuliza swali lile lile, hata kabla sijavua viatu.

"Tiki ngapi?"

"Moja, mama."

"Haya."

Na asubuhi anarekodi tena. Nilimwambia kwamba sauti zake hazifiki. Akanijibu kwamba anajua, lakini zikija kufika mtu wake asiwe amepitwa na kitu. Alianza kula kidogo. Usingizi wake wa mchana, ambao haukuwa unakatika hata kwa muziki wa harusi ya jirani, ukaisha. Nilikuwa nikimkuta amekaa na simu mapajani, kioo kimezimika, anakisugua kwa ncha ya kanga kama mtu anayepangusa vumbi.

Nikaamua kuiandikia kampuni yenyewe. Ndani ya programu kuna mahali pa kuomba msaada. Niliandika kwa Kiingereza changu bora kabisa, nikaeleza kwamba tunamtafuta mtu mzima aliye katika eneo lenye shida, na kwamba hatuombi siri yoyote ila kujua kama simu yake bado iko hewani. Jibu lilikuja upesi sana. Lilinishukuru kwa kuwasiliana nao, likaniomba nihakikishe nina intaneti, kisha nizime simu na kuiwasha. Nikaizima, nikaiwasha. Nilifanya hivyo kwa utiifu wa mtu anayekunywa dawa asiyoiamini.

Siku hiyo hiyo nikamuuliza na yule mtu wao wa kwenye kaduara. Nilimwandikia kwa Kiswahili: kwa nini ujumbe wangu una tiki moja kwa muda mrefu? Akanijibu kwa Kiswahili fasaha, nukta na mikato mahali pake, kuliko insha nyingi ninazosahihisha. Alisema huenda simu ya mwenzangu imezimwa, au haina mtandao, au mwenzangu amenizuia. Hilo la mwisho sikumwambia mama.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba nikamuaga mama kwamba naenda Kilambo, pale kwenye kivuko cha mto, kuuliza wafanyabiashara wanaovuka. Nilidhani atanipa maelekezo na kuniombea dua. Badala yake akaingia ndani, akatoka amevaa baibui yake ya safari.

"Wewe utawauliza nini?" alisema. "Utawatajia namba ya simu?"

Tukaondoka wote na gari la asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekuwa utelezi, na mama alishikilia kiti cha mbele hadi tulipoona maji. Ukingoni walikuwepo wanawake wengi wakisubiri zamu ya kuvuka na mizigo yao: sabuni, vitenge, madumu ya mafuta, ndoo za plastiki zilizopandanishwa kama mnara. Mama aliwaendea moja kwa moja. Hakuwauliza kama wanamjua fulani binti fulani. Aliwasalimia kwa Kimakonde, akauliza habari za mashamba, akauliza habari za mvua za kule, na mimi nikasimama kando nikiwa nimebana mkoba wangu kama mgeni kutoka mkoa mwingine.

Wa kwanza hakujua. Waliofuata walikuwa wa vijiji vya mbali zaidi. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, mwenye zile ndoo, akatazama uso wa mama kwa muda.

"Mama, unafanana na muuza vitumbua mmoja wa kwetu," alisema. "Yule wa karibu na msikiti."

Mama hakukimbilia kufurahi.

"Vitumbua vyake vikoje?"

"Vikavu pembeni, laini katikati. Na hiliki anayotia, mtu unaweza kupiga chafya."

"Umevila lini?"

"Juzi, mama. Nimeondoka na vingine vya njiani."

Mama akakaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, pale pale kwenye mchanga wenye majimaji, na baibui yake nzuri. Niliinama kumshika nikadhani amezidiwa, kumbe alikuwa anataka tu kukaa. Nami nikachuchumaa karibu yake. Yule mwanamke akatuangalia, halafu akageuka upande akajishughulisha na ndoo zake, na kwa hisani ile sitamsahau.

Mama aliinua uso akauliza, "Anaumwa?"

"Haumwi. Ana hasira."

"Hasira na nani?"

"Na dada yake aliyeko Mtwara. Anasema amemfungia simu, hataki tena kuongea naye. Anasema ni kwa sababu ya mambo ya kwenye msiba."

Nilimtazama mama, mama akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, kikapanda mpaka akalazimika kufuta macho. Aliapa kwamba hakumbuki mambo yoyote ya kwenye msiba. Mfanyabiashara naye akacheka, akaniomba namba yangu, akaihifadhi kwenye simu yake, akasema Ijumaa baada ya swala atamfuata mama mdogo pale pale anapouzia na kumshikisha simu mkononi, atake asitake.

Njiani kurudi mama alilala. Kichwa chake kilikuwa begani mwangu, kizito, na kila gari lilipoingia kwenye shimo kiliruka kikarudi pale pale bila yeye kuamka.

Ijumaa ilipofika simu yangu ikaita, kwa video, kwa programu ile ile. Kioo kikajaa paji la uso na jicho moja, maana mama mdogo alikuwa ameisogeza simu karibu mno.

"Dada," alisema lile jicho. "Umeamua kunifungulia?"

"Nimekufungulia nini? Mimi hata kufunga sijui."

"Basi mbona ulininyamazia?"

"Wewe ndiye uliyeninyamazia mimi. Nimeongea peke yangu mpaka kuku wa hapa wananijibu."

Walibishana hivyo kwa muda, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye aliyeachwa, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mama nikiutabasamia ukuta. Hatimaye yule mfanyabiashara akaingia katikati na kueleza. Ile simu yangu ya zamani, ambayo fundi wa kule aliibadilisha lugha, ilikuwa imeleta maandishi ya Kireno, tena na tena. Mama mdogo, kila yanapotokea, aligusa popote yaondoke apate kuongea na dada yake. Siku moja hayakuondoka. Mfanyabiashara, anayejua kusoma Kireno, alikuwa ameyasoma muda mfupi tu kabla: programu haifanyi kazi tena kwenye simu za aina hii, tafuta simu mpya zaidi.

"Kwa hiyo simu imekufa?" mama aliuliza.

"Haijakufa. Inawaka, inapiga picha, tochi yake nzuri. Kampuni imesema imezeeka."

"Imezeeka," mama alirudia. "Mimi na huyu tumezeeka kuliko hiyo simu, na mbona tunaongea?"

Walipoagana, kioo kikaniuliza ubora wa mazungumzo ulikuwaje, na nyota tano zikajipanga zikisubiri kidole changu. Nikawapa zote. Sekunde hiyo nilikuwa tayari kuwapa hata nyumba. Jioni, hasira ilipopata nafasi, ndipo nilipojilaumu kwa ile ya tano.

Nimelifikiria sana jambo lile tangu hapo, na nataka kuwatendea haki. Naelewa kwamba hakuna mtengenezaji anayehudumia kitu cha zamani milele. Hata vitabu vya kufundishia tunavibadilisha, na ramani zangu za darasani zimeshazeeka kuliko baadhi ya nchi zilizomo. Tena hawakufanya kwa siri. Walitoa onyo, na nilipokwenda kutafuta nikakuta habari zake zilikuwa zimetangazwa mapema kwa kila mwenye kusoma tangazo.

Ila walimwonya kwa maandishi. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Mwanamke ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuandika hata herufi moja kwenye programu yao, aliyetumia sauti tu, asubuhi baada ya asubuhi, wao wakamtumia onyo la kusoma. Zawadi kubwa waliyompa ilikuwa kumwondolea haja ya kujua kusoma, halafu siku ya kuichukua wakamtaka asome. Na huku kwetu wangeweza kutuandikia mstari mmoja, kwamba simu ya mwenzako haitumiki tena na sisi, mtafute kwa njia nyingine. Mimi nasoma. Ningeuelewa, na mama yangu angekula chakula chake. Badala yake walituachia tiki moja, ile ile anayoipata mtu aliyefiwa.

Nilipeleka simu nyingine ng'ambo kwa mkono wa yule mfanyabiashara, mpya kiasi, isiyo na ufa. Programu ilikataa kurudi kwenye namba ya zamani, kwa kuwa ilitaka kutuma tarakimu za siri kwenye laini ambayo haipo, kwa hiyo mama mdogo akaanza upya kama mtu mwingine. Safari hii nilidai namba za kawaida: yake, ya mfanyabiashara, na ya imamu wa msikiti wa pale. Jumamosi tunapiga simu ya zamani, ya salio, hata kama kila kitu kinafanya kazi. Mama analalamika kwamba inakata maneno. Namwambia acha ikate.

Ule ujumbe wote wa kipindi cha ukimya haukufika kamwe. Ulibaki kwenye simu ya mama, kila mmoja na tiki yake. Mama mdogo alipokuja kututembelea baada ya Idi, walikaa uani, mama akaucheza mmoja baada ya mwingine, na mdogo wake akawa anaujibu kwa mdomo hapo hapo, kwa mpangilio. Kuna mahali sauti ya mama kwenye simu ilikuwa inauliza tu, taratibu, kama amekula. Mama mdogo akasema, "Nilikula, dada," na mimi nikaingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Mama mdogo alikaa nasi mpaka alipoanza kuwaonea huruma wateja wake. Tulimsindikiza tena Kilambo, akavuka na mzigo mkubwa kuliko aliokuja nao, na jioni akatuma sauti kwamba amefika na kwamba mbuzi wa jirani amekula mboga zake zote.

Mwezi uliopita programu ilileta tangazo jingine. Mama akaniletea simu akiwa amekunja uso. Nilivaa miwani, nikamsomea neno kwa neno hadi mwisho, kisha nikampigia mama mdogo nikamsomea na yeye kwa Kimakonde changu cha kuungaunga. Halikuwa linahusu simu za zamani. Walikuwa wanabadilisha rangi.

"Rangi tu?" mama aliuliza.

"Rangi tu."

"Haya, wapake," alisema, akanipokonya simu, akarudi kizingitini kumalizia kumsimulia mdogo wake jinsi pweza wa Mikindani walivyoadimika wiki hii.